Mgongo wa Mama Mathilde

Basi liliposimama Durban asubuhi ile, Mama Mathilde alishuka wa mwisho. Haikuwa kwa ajili ya uzee. Alikataa tu kusukumwa. Alikuwa ametoka Kamina kwa treni mpaka Lubumbashi, akatoka Lubumbashi kwa mabasi, akaivuka Zambia na Zimbabwe amebanwa kwenye kiti kama gunia la mahindi ya Kaniama. Siku zote alizopangiwa kupumzika zilikuwa zimeliwa na foleni za mipakani. Sasa ilibaki siku hiyo moja. Jioni ileile meli kubwa ya starehe ingeondoka bandarini, naye alitakiwa awe ndani yake.

Chini ya ngazi alimkuta binti yake Chancelvie, ambaye hakuwa amemwona tangu alipohamia huko Afrika Kusini. Wakashikana, wakalia, wakachekana kwa unene. Nyuma ya Chancelvie alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa, mikono ameifungua, meno yote nje.

"Maman!" alisema, akaja mbio kumkumbatia.

Mama Mathilde akageuka. Aligeuka palepale aliposimama, akampa mwanamume yule mgongo, akavuta kitenge akajifunika kichwa, kisha akatembea taratibu kwenda kusimama nyuma ya nguzo. Ruffin, maana ndilo jina la mkwe, alibaki na mikono yake imefunguka, asijue aiweke wapi. Abiria wawili walicheka.

"Maman iko muchovu," Chancelvie alimwambia mumewe harakaharaka. "Safari ilikuwa murefu."

Uwongo huo mdogo ndio ulioiharibu siku nzima. Mama Mathilde alichoka, naam, lakini uchovu haukuwa na kesi hapo. Kwa Waluba, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Hiyo ndiyo buko, na hakuna ugomvi ndani yake hata chembe. Ni heshima inayozidi heshima zote. Mama yake Mathilde, mwanamke wa Kaniama aliyeolewa katika kambi ya reli, alikuwa akimwona tu Edmond, mume wa Mathilde, akitokea kwenye kona, anachomoka kwa mlango wa jikoni na kuyaacha maharagwe yaungue. Majirani, ambao reli iliwaokota kila upande wa nchi, walicheka mpaka wakashika mbavu. Edmond mwenyewe alikula maharagwe yenye moshi na kwenda kazini kifua mbele. "Leo mama mukwe amenikimbia," alijisifu kwa wenzake.

Lakini Ruffin hakuwa mtoto wa reli wala Mluba. Alizaliwa kwenye Base, kambi ya jeshi ya Kamina, baba yake askari aliyetoka mkoa wa Équateur, nyumbani wakizungumza Kilingala. Alijua kupiga saluti kabla ya kujua kuhesabu. Buko hakufundishwa na mtu. Chancelvie aliijua vizuri, ila aliiona ni mambo ya porini ya kuaibisha mbele ya mume, akanyamaza, akidhani kwamba mama akishavuka mipaka mitatu ataiacha mila yake kwa watu wa forodha. Kwa hiyo kijana wa watu alisimama pale akifikiri kile ambacho mtoto yeyote wa Base angefikiri. Pale Kamina, watu wa reli waliwaita watoto wa Base wezi wa kuku, na watu wa Base waliwaita watu wa reli wenye majivuno wanaonuka mafuta. Akajiambia: huyu mama ameniona, na amenikataa.

Walifika kwenye jengo walimokuwa wakiishi. Chumba kilikuwa ghorofani.

"Panda, Maman," alisema Chancelvie. "Kuko douche, unawe, ulale kidogo."

"Chumba ya nani?"

"Ya siye. Ya minyi na Ruffin."

"Njo unasikia vile weye mwenyewe unasema?"

Mama Mathilde akalilaza sanduku lake kwenye lango la jengo, akalikalia. Chancelvie alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Wapi! Ilibidi ateremshe ndoo ya maji, na mama akanawa uso na miguu pale barabarani, mbele ya magari na walimwengu, bila haraka na bila aibu. Ruffin alisimama ng'ambo ya pili akitazama. Aliona mwanamke aliyeona heri kuoga mtaroni kuliko kukanyaga nyumba yake.

Basi, kwa kuwa mama hakupanda, hapakuwa na la kufanya ila kuuzunguka mji mpaka saa ya meli ifike. Walitembea kuelekea ufukweni, mama na binti mbele, Ruffin akiburuta masanduku kwenye njia ya upande wa pili. Mama Mathilde aliutazama mji kwa jicho la mfanyabiashara. Barabara alizipa sifa zake. Ndizi alizionja, akasema hizi zimekatwa kabla ya wakati wake. Bahari aliitazama kwa muda, akauliza kama samaki wake hukaushwa kwa moshi au huliwa hivihivi na maji yao, na alipojibiwa alisikitika sana.

Ruffin hakukata tamaa upesi. Alivuka njia, akaja na kikombe cha chai ya maziwa, akakinyoosha kwa mikono miwili kama watoto wa askari wanavyofundishwa. Mama Mathilde akageukia bahari. Chai ikawa inapoa mikononi mwa mtu. Hatimaye Ruffin akaiweka kwenye benchi akaondoka, na alipofika mbali mama akaichukua, akainywa yote, akalamba na sukari iliyobaki chini. Sukari hiyo Ruffin hakuiona. Alichokiona ni mkono uliokataa kupokea.

Na jambo hilo lilimchoma kuliko alivyoonyesha. Kabla ya kupata kazi ya ufundi wa magari, Ruffin alilinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukwe uleule, kwenye jua na kwenye mvua. Alizoea wenye magari kumdondoshea sarafu huku wakitazama pembeni. Hakutegemea kwamba mtu mwingine wa namna hiyo atashuka kwenye basi kutoka kwao Kamina, tena awe mama wa mke wake.

Kutoka pale ufukweni meli ilionekana bandarini, nyeupe, madirisha juu ya madirisha.

"Angalia, Maman. Ile njo yetu."

Mama Mathilde aliitazama kwa heshima. Usione vyaelea, vimeundwa, na yeye aliyeishi na mafundi maisha yake yote alijua jasho la chuma.

"Inaenda wapi?"

"Inaingia mu mer, kule mu bahari, inazunguka, inarudia."

"Haifike pahali?"

"Hapana. Iko ya kupumuzika tu."

"Ku Kamina, treni yenye kutoka na kurudia bila kufika pahali, chef de gare, mukubwa wa stesheni, banamufukuza kazi."

Chancelvie alicheka, na kicheko kikampa ujasiri wa kusema kile alichokuwa akikiahirisha tangu asubuhi. Alikisema haraka, kama mtu anayebandua plasta.

"Maman, tuko na cabine moya. Bitanda tatu. Na ku meza bameshatuandika batatu pamoya."

Mama Mathilde alisimama. Watu waliokuwa wakikimbia mazoezi wakampita kushoto na kulia.

"Sipande."

"Maman!"

"Minyi nilale mu chumba moya na mukwe yangu? Anione na combinaison ya kulalia? Asikie vile ninakoroma? Sipande. Bapande bengine."

"Njo ile kichwa yako! Ni weye mwenyewe ulikataa mila! Papa alipokufa, baba Kapenda alikuya kukurithi, ulimufukuza. Leo mila imekuwa tamu?"

Binti alikuwa amepiga penye donda, na alijua. Kisa hicho kambi nzima ya reli bado inakisimulia. Matanga ya Edmond yalipokwisha, mdogo wake Kapenda alikuja na kofia yake, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akatangaza kwamba mjane sasa ni wake kama desturi inavyotaka. Mathilde alisimama mbele yake, akamtazama machoni bila kupepesa mpaka Kapenda akainamisha kichwa, akaondoka, na kofia akaisahau. Baada yake alikuja ofisa mmoja wa nyumba, akiwa na karatasi iliyosema kwamba mjane hana haki ya kukaa kwenye nyumba ya mfanyakazi. Mathilde aliweka kigoda mlangoni, akakaa, akamtazama naye machoni. Ofisa alirudi mara nyingi. Kila mara alikuta kigoda na macho. Mwishowe alichoka yeye, na nyumba ikabaki kwa watoto, ambao mama yao aliwalea kwa kuuza samaki wa moshi wa Bukama pale stesheni, kila treni ilipofika, maana yake kila Mungu alipopenda.

Huyo ndiye mwanamke ambaye Chancelvie alitaka kumshinda kwa maneno, ufukweni, saa sita za jua kali.

"Sikia," alisema mama. Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ile ya Kapenda ilikuwa ya kunifanya kintu ya muntu. Hii inanifanya muntu. Minyi njo ninachagula yenye nitabeba na yenye nitatupa. Hakuna mwenye kunichagulia. Ata weye."

"Lakini Ruffin anateseka, Maman! Unamufanya kama imbwa!"

"Na minyi? Unayua vile banasema ku Kamina? Banasema: mutoto wa Mathilde aliolewa na telefone."

Ilikuwa kweli kwamba mahari ililetwa na mjomba wa Ruffin kutoka Base, mbuzi na vitenge na kila kitu, lakini bwana harusi mwenyewe alikuwa sauti tu kwenye simu, ikikatikakatika. Hakuna aliyemwona akisimama nje ya ua, akingoja kuruhusiwa. Hakuna aliyemwona mama mkwe akikimbia kwa mlango wa jikoni. Sokoni wanawake walimwuliza Mathilde kwa sauti ya asali, "Mukwe yako, ulishamukimbia?" Naye akarudi nyumbani na hasira yake, akakaa nayo.

"Nikikaa na yeye ku meza," alisema, "nikule na yeye kama na mutoto wa jirani, basi bako na haki. Basi hauna bwana. Weye uliokotwa mu njia. Hiyo sitakubali. Ata ile bateau yenu iende na mer yote."

Chancelvie alilia. Alilia kwa hasira kwanza, kisha kwa kitu kingine ambacho hakutaka kukitaja. Lakini hakumwendea mumewe kumweleza. Angeanzaje? Tangu asubuhi alikuwa amesema mama amechoka. Uwongo ukishakaa kitini, kuusimamisha ni kazi.

Saa ya meli ikafika. Ukumbi wa bandari ulijaa watu wenye kofia za jua na viatu vya kuonyesha vidole, foleni ikijipinda mara tatu mbele ya ngazi ya meli. Mama Mathilde alikubali kufika hadi ukumbini tu, kumsindikiza binti yake, akasema waziwazi kwamba baada ya hapo atarudi kituo cha mabasi. Alisimama karibu na ukuta, sanduku lake miguuni, kitenge kichwani.

Ndipo Ruffin akamjia. Hakuja mbio kama asubuhi. Alimzunguka asimame mbele yake, mama akageuka. Akazunguka tena, mama akageuka tena. Wakazungukana hivyo, mtu mzima na mtu mzima, kama watoto wanaocheza, na watu wa foleni wakaanza kutazama. Ruffin akasimama. Jasho lilikuwa limelilowesha shati lake jeupe.

"Maman," alisema kwa mgongo ule. "Kama unanichukia, uniambie mu macho. Papa yangu alikuwa soda, askari wa ku Base, ni kweli. Hapa nililinda motoka ya bantu, ni kweli. Lakini mutoto yako sikumuiba. Ninamupenda. Ninatumika kazi juu yake. Ni nini yenye nilikosa? Niambie, niyue."

Chancelvie alifungua kinywa. Maneno yalikuwa yaleyale, yapo tayari mdomoni: Maman iko muchovu. Hayakutoka.

Mtu ameulizwa swali la haki, na jibu lipo, ila mlango wa kulipitishia umefungwa na heshima yenyewe. Kumjibu ni kumvunjia. Kutomjibu ni kumwua. Kwa kawaida mtu wa tatu angebeba maneno katikati yao, lakini mtu wa tatu alikuwa binti yake, na binti alikuwa amejifuta uso kwa mkono na hana sauti. Mama akatazama huku na huku. Kisha akainama, akalipiga sanduku lake makofi mawili, kama mtu anayemwamsha mwanafunzi.

"Weye valise! Sikia muzuri. Umuambie mukwe yangu hivi."

Ruffin akainua kichwa. Neno hilo hakuwahi kuitwa.

"Umuambie, muntu mwenye simuheshimu, ninamutazama mu macho. Kapenda nilimutazama mu macho. Ule wa manyumba nilimutazama mu macho paka karatasi ikatetemeka ku mukono. Bantu ya ku mupaka, bote, nilibatazama. Mukwe yangu, hapana! Mukwe yangu ninamupa mugongo, juu njo yeye alichukua mutoto yangu akamuweka mu nyumba. Mama yangu alipatia Edmond mugongo paka siku alikufa, na ni Edmond alichimba kaburi yake, na alilia kupita siye batoto. Umuambie, soda, reli, minyi sina shida ya ile. Aliniletea chai, niliikunywa yote. Iko mukwe. Njo vile. Sasa nyamaza."

Sanduku likanyamaza. Ruffin alimgeukia mkewe polepole.

"Ulikuwa unayua?"

"Nilikuwa ninayua," alisema Chancelvie.

"Na unaniambia iko muchovu. Siku muzima."

Hakungoja jibu. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akavuta pumzi, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: akageuka naye. Wakasimama hivyo, mama mkwe na mkwe, mgongo kwa mgongo, sanduku katikati, na foleni nzima ya watalii ikiwashangaa.

"Valise," alisema Ruffin. "Umuambie mama mukwe yangu aksanti. Umuambie apande, alale mu cabine na mutoto yake. Minyi nitalala inje, ku biti bya bantu ya kuota jua. Nitakula nyuma, bantu bakimaliza."

"Ruffin, hawataruhusu," alisema Chancelvie. "Kuko règlement."

"Baniondoe basi. Nililala inje miaka juu ya kulinda motoka ya bantu. Leo nitalala inje juu ya heshima yangu."

Mama Mathilde alikohoa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na aliyaacha, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kuficha kitu ila uso wake, na huo pia kwa mtu mmoja tu.

"Valise. Umuambie, ku mer kuko baridi. Achukue blanketi. Achukue mbili."

Foleni ikasogea. Ruffin akatangulia, akaonyesha pasi yake, akaanza kuipanda ngazi ya meli. Alipanda kifua mbele, taratibu mno, kama mtu anayetaka Kamina yote imwone. Mama Mathilde alifika kwenye kizuizi na kusimama. Msichana wa sare akamwashiria apite. Mama hakupita. Alikuwa ameinamisha uso ndani ya kitenge, akingoja mkwe wake afike juu na kupotea mlangoni, kwa maana njia anayopita mkwe huifuati akiwa bado yupo mbele ya macho yako. Msichana akamwashiria tena, kwa nguvu zaidi. Nyuma mtu akapiga ulimi, mwingine akasema jambo kuhusu watu wasiojua taratibu, mzee mwenye kofia ya majani akasukuma kigari chake mpaka kikagusa visigino vya mama. Mama akabaki pale kama kigoda mlangoni.

Chancelvie aliwatazama watu wale. Siku nzima alikuwa akiwaona tu wao, macho yao, vicheko vyao, tangu kituo cha mabasi. Akakishika kigari cha yule mzee, akakirudisha nyuma kwa mkono mmoja, na kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni, akasema:

"Ngojeni. Mkwe wake anapita."